Kula Njiani Bila Ngano: Mafunzo Niliyopata Nyuma ya Usukani

Ukiendesha lori kwenye barabara kuu namba 80, ile inayokatiza Marekani kutoka New Jersey hadi San Francisco, kabla ya njia nyingi za kutokea unakutana na bango la bluu lenye nembo za migahawa. Nembo ni zilezile jimbo hadi jimbo: baga, kuku, pizza, taco. Sheria inamtaka dereva apumzike dakika 30 akishaendesha saa nane, na kwa wengi wetu bango hilo ndilo jiko. Trela la futi 53 huwezi kuliingiza mitaani ukatafute mama ntilie. Unakula palipo na maegesho.

Mimi nakula hapo nikiwa na siliaki. Kwa asiyeijua, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili ikikutana na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai, inaugeukia utumbo mwembamba na kuharibu vijinyweleo vinavyofyonza chakula. Kwangu ulijitokeza kama upungufu wa damu usiosikia dawa. Vidonge vya madini ya chuma nilivimeza mpaka nikavichoka, kumbe utumbo haukuwa unavipokea. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na kuacha kwenyewe ni mpaka chembe: kiwango kilichowekwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 2013 kwa bidhaa inayojiita haina gluteni ni chini ya miligramu 20 katika kilo nzima ya chakula.

Nimezaliwa Tanga, naishi Des Moines, Iowa. Haya ndiyo niliyojifunza kwenye kaunta za njiani.

1. Mapishi yanatoka makao makuu, mikono ni ya hapohapo

Mgahawa wenye matawi mamia una faida moja kwa mtu kama mimi: nyama ya baga ya Ohio ndiyo hiyohiyo ya Wyoming, na sosi inafika kwenye mfuko uliofungwa kiwandani. Ndiyo maana wanaweza kuweka kwenye simu jedwali la mizio, chakula kwa chakula, na jedwali hilo kwa kawaida ni la kweli. Lakini linaeleza kilichomo kwenye mfuko tu. Halikwambii kwamba saa tatu usiku kijana wa zamu anazima kikaangio kimoja kati ya viwili ili asipate kazi ya kukisafisha, chipsi na kuku wa unga wakahamia kwenye mafuta mamoja. Hilo nililikuta Nebraska, kwenye tawi ambalo mchana linatenganisha vizuri kabisa. Kijana mwenyewe alinieleza bila kuficha, kwa kuwa nilimuuliza.

Jedwali nalisoma ili nijue cha kuondoa. Cha kula nakijulia kaunta.

2. Uliza mafuta kabla ya kuuliza chakula

Kama ningeruhusiwa kubaki na funzo moja tu, ningebaki na hili.

Chipsi ni viazi, na viazi havina gluteni. Tatizo ni mafuta vinamoogea. Mafuta yaliyokaangia kuku wa unga, vitunguu vya unga na samaki wa unga yamebeba chenga za ngano, na kila kinachotumbukizwa humo kinatoka nazo. Wapo wanaoniambia moto unaua kila kitu. Gluteni si mdudu ukasema utamuua. Ni protini, na joto la kikaangio haliiondoi kwa namna itakayouridhisha utumbo wangu.

Kwa hiyo nikiingia mahali nisipopajua, kwanza naangalia wanauza nini kingine. Five Guys wanakaanga viazi kwa mafuta ya karanga, na kwenye menyu yao hakuna kitu cha kupakwa unga kinachoweza kuingia humo. In-N-Out, wa majimbo ya magharibi, nao kikaangio chao ni cha chipsi tu, na baga wanakufungia kwenye majani ya letusi ukiomba. Usalama wa sehemu kama hizo umetokana na ufupi wa menyu, maana hakuna kinachoweza kuchanganyika. Menyu inapokuwa na kurasa nane zenye picha, natafuta njia ya kutokea inayofuata.

Halafu kuna jambo linalowakanganya hata wenzangu wenye siliaki. Chipsi za McDonald's za Uingereza hazina kiungo chenye gluteni. Za Marekani zina ladha ya nyama ya ng'ombe ambayo kampuni yenyewe inaandika kwamba ina vitokanavyo na ngano na maziwa. Nembo ni moja, pakiti ni ileile nyekundu, ila viungo si vimoja. Mdogo wangu anayeishi Reading, Uingereza, alinitumia picha akizila kwa raha zake, akadhani ananipa habari njema.

Nikienda nyumbani likizo kanuni inabaki ileile. Karai la muuza chipsi ambaye kazi yake ni chipsi na mishikaki silihofii sana. La mama anayeanza asubuhi na maandazi, mchana sambusa na jioni viazi, nalisalimia kwa mbali, ingawa maandazi yake ndiyo yaliyonilea.

3. Lori halipiti dirishani, na hiyo ni bahati

Wenye magari madogo wananunua bila kushuka. Sisi hatuwezi, kwa kuwa trela litaondoka na paa la mgahawa. Zamani niliona ni usumbufu. Siku hizi naona dereva wa lori mwenye siliaki ana nafasi ambayo wengine hawana: analazimika kuingia ndani, na migahawa mingi ya njiani jiko liko wazi nyuma ya kaunta. Naona vikaangio vingapi vinawaka. Naona kama koleo la kuku ndilo linalogeuza nyama tupu. Naona mkate unapokaushwa, na chenga zinapodondokea.

Kasoro inajitokeza usiku wa manane, ndani pakifungwa na dirisha pekee likabaki wazi. Baadhi wanakuhudumia ukienda kwa miguu, wengine wanakataa. Usiku wa namna hiyo hauendi na baga.

4. Swali la ndiyo na hapana halina msaada

Ukiuliza "mna chochote kisicho na gluteni?" utajibiwa ndiyo, kwa tabasamu, na kuelekezwa kwenye saladi. Saladi inakuja na vipande vya mkate mkavu juu yake. Ukisema, mhudumu anavitoa kimoja kimoja kwa vidole na kukurudishia sahani ileile. Nimetazama kitendo hicho mbele ya macho yangu, huku chenga zimeshikamana na maji upande wa chini wa majani, na binti wa watu akiamini amenitendea wema.

Sasa nauliza maswali ambayo jibu lake ni maelezo. Chipsi mnazikaangia wapi? Baadaye mnakaanga nini humo humo? Nyama mnaichoma juu ya bati au kwenye wavu, na mkate mnaupasha wapi? Mtu anayejua anajibu haraka na kwa undani. Mtu asiyejua anasema "nadhani ni sawa", na "nadhani" kwangu ni hapana.

Hapa malezi yanapigana nawe. Sisi tumekuzwa kwamba mgeni haulizi kilichomo chunguni. Anashukuru, anakula, anasifu. Ilinichukua muda kuzoea kusimama mbele ya kijana mwenye foleni ndefu nyuma yangu nikamuuliza swali la tatu bila kuona haya. Kilichonisaidia ni kubadili saa. Nikifika saa tano asubuhi, kabla ya msongamano wa mchana, au saa tisa alasiri, meneja mwenyewe anakuja kaunta na ana nafasi ya kunisikiliza. Swali lililoonekana usumbufu saa sita na nusu linaonekana la kawaida saa tisa.

Tena nasema nina mzio. Daktari atanikosoa, kwa sababu siliaki si mzio, lakini kwenye mashine nyingi za kaunta kuna kitufe cha mzio na hakuna cha siliaki. Kitufe hicho ndicho kinachoandika onyo kwenye karatasi inayokwenda jikoni.

5. Glavu

Chipotle wanasema wazi kwamba kitu pekee chenye gluteni kwenye menyu yao ni tortila za ngano, zile chapati laini za kufungia buritto. Wali, maharage, nyama, vyote ni sawa kwangu. Tortila za ngano, hata hivyo, zinashikwa na mikono ileile inayotupia jibini na letusi. Kwa hiyo unaomba wabadili glavu na wachote letusi na jibini kutoka vyombo vya nyuma ambavyo havijaguswa. Wakibadili, simama pale uangalie mpaka mwisho wa mstari, maana yule wa pili anayepokea bakuli lako hakusikia ombi lako, na yeye ndiye anayechota jibini.

6. Kilichofungwa kinanipa usingizi

Wendy's wanauza viazi vya kuoka tangu mwaka 1983. Kiazi kinaokwa kikiwa kimevikwa karatasi ya foili, nawe ukiomba kisipasuliwe wala kupakwa kitu unakabidhiwa kikiwa bado kwenye foili, cha moto, bila kisu wala mkono wa mtu kukipitia. Siagi nabeba yangu. Usiku wa theluji Wyoming, viazi viwili vya namna hiyo na kopo la samaki jodari ni karamu.

Chick-fil-A nao tangu 2017 wana mkate wa baga usio na gluteni unaokuja kwenye karatasi yake iliyofungwa kiwandani. Hawaufungui. Wanakupa nyama ya kuku wa kuchoma kando, na kazi ya kupanga baga unaifanya mwenyewe mezani. Wapo wateja wanaolalamika kwamba wamelipa ili wajitengenezee chakula. Mimi naona huo ndio uaminifu: wanajua jiko lao limejaa unga wa kuku, wakaamua mkate usionje hewa yake. Wanafunga Jumapili, nchi nzima, kwa hiyo ukipanga safari hesabu na hilo.

7. Ngano inakaa pasipo na mkate

Mayai, kwa mfano. IHOP, wauzaji wakubwa wa chapati za maji kwa staili ya Kimarekani, huongeza uji wa unga wa chapati hizo kwenye omleti ili ziumuke. Wanalieleza wenyewe, na ukiomba wanakupasulia mayai mapya. Lakini nani angewaza kuuliza kama yai lina ngano? Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Siki ya kimea na vitu vyenye ladha ya kimea vinatokana na shayiri.

Hapo kuna mtego mwingine, kwenye maduka ya vituo vya malori. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 inalazimisha pakiti kutaja ngano miongoni mwa vizio vikuu. Shayiri haimo. Pakiti inaweza kunyamaza kuhusu ngano na bado ikawa na kimea ndani. Soma orodha yote ya viungo, hata maandishi yakiwa madogo kiasi gani.

8. Pizza nimewaachia wenyewe

Domino's walipoleta mkate wa pizza usio na gluteni Marekani mwaka 2012, walitoa onyo pamoja nao: haupendekezwi kwa mwenye siliaki, kwa sababu unatengenezwa kwenye jiko lilelile linalotupa unga wa ngano siku nzima. Watu waliwacheka. Mimi naliheshimu onyo lile kuliko menyu nyingi zinazojisifu kwa maneno ya kupindapinda, kama kusema chakula ni "rafiki" kwa wasiokula gluteni. Rafiki kwa kiasi gani? Hawasemi.

Mwaka 2019 jarida la American Journal of Gastroenterology lilichapisha uchambuzi wa vipimo zaidi ya 5,000 ambavyo walaji wenyewe walivifanya kwenye migahawa ya Marekani kwa kifaa kidogo cha mfukoni kiitwacho Nima. Miongoni mwa vyakula vilivyotangazwa kuwa havina gluteni, asilimia 32 vilikutwa nayo. Kwa pizza ilikuwa asilimia 53, na kwa pasta asilimia 51. Takwimu hizo zina kasoro zake. Mlaji anapima pale anaposhuku, na kifaa kinaweza kuonya hata chini ya kile kiwango cha miligramu 20. Hata ukizipunguza, zinafanana na ninachokiona: unga wa pizza unaruka hewani, na maji ya tambi hutumiwa tena na tena.

Uingereza wana nafuu. Tangu Desemba 2014 mgahawa unatakiwa kisheria ukueleze kama kuna chochote kati ya vizio 14, na nafaka zenye gluteni zimo. Marekani, katika majimbo mengi, mgahawa wa njiani unakueleza kwa hiari yake.

9. Ubishi mkubwa unatoka kwa ndugu

Des Moines tuko Waswahili wa kila aina: Wakongomani, Warundi, Wakenya, sisi wa Tanzania. Kaunta ya Wyoming hainichoshi kama sherehe ya kipaimara. "Kaka, kipande kimoja tu cha chapati kitakufanya nini?" Kitaninyima kazi siku mbili. Nikiwa na lori lenye uzito wa tani 36 kwenye barabara isiyo na choo kwa maili 40, tumbo halingoji.

Halafu kuna wanaosema ni ugonjwa wa Wazungu niliouokota huku. Kweli, aliyeifumbua dunia macho ni Mholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke. Alikuwa ameshaanza kuishuku ngano, na wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika Uholanzi, watoto wagonjwa wakapata nafuu. Lakini kiwango cha juu kupita vyote kilichowahi kuripotiwa kilitoka Afrika. Mwaka 1999 watafiti waliwapima watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi, wakakuta asilimia 5.6 wana siliaki, karibu mara tano ya kinachoonekana Ulaya. Yule anayeniita Mzungu namwambia hivyo, kisha namwomba anipitishie maharage.

Ugali nao nimejifunza kuuliza. Ukiwa wa mahindi matupu, au wa muhogo, au wa mtama, mimi wa kwanza kunawa. Huku ughaibuni, hata hivyo, ndugu zetu wengi wa Kongo wanachanganya unga na semolina ili fufu ivutike vizuri, na semolina ni ngano. Sahani inafanana kabisa na ya nyumbani. Mama mmoja alinifundisha kutambua kwa kuivuta kati ya vidole: yenye semolina inanyumbuka, ya muhogo na mahindi inakatika. Ila kufikia kuivuta umeshachelewa. Namuuliza mpishi mapema, kwa heshima, jikoni: "Mama, fufu ya leo ni ya unga gani?"

10. Akiba iwe ndani ya lori

Nina sufuria ndogo ya umeme ya kupikia wali, inayokula umeme wa lori. Mchele, dengu, chumvi, kopo la nazi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na ndiyo sababu sifiki kaunta na njaa kali. Mtu mwenye njaa anaikubali "nadhani ni sawa". Aliyekula wali saa mbili zilizopita anaweza kugeuka na kutoka.

11. Usiache kabla ya kupimwa

Madereva wananipigia simu. Tumbo linajaa gesi, uchovu, damu imepungua. Wamesikia habari zangu, wameacha mkate wiki tatu na wanajisikia vizuri, sasa wanataka kwenda hospitali kuthibitisha. Hapo wameshaharibu kipimo. Damu inapimwa kutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza ukiwa unakula gluteni, na baada ya hapo daktari huingiza kamera na kuchukua kinyama cha utumbo kuona hali ya vijinyweleo. Ukiwa umeacha, kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kupona, na majibu yanaweza kusema huna kitu. Wengine hulazimika kurudia kula ngano wiki kadhaa, kwa maumivu, ili kipimo kisomeke. Mwambie daktari unachoshuku, weka miadi, na mpaka siku hiyo endelea na chapati zako kama kawaida.